Fisi Wanene wa Memphis

Kazi yangu ni mikate. Saa nane usiku nimeshaamka, saa tisa nakanda, na ikigonga saa kumi na nusu trei za kwanza ziko motoni, upepo wa Chang'ombe ukihangaika kutafuta upenyo chini ya mlango. Mji mzima umelala isipokuwa mbwa, walinzi na sisi waokaji. Basi hiyo ndiyo saa ambayo timu yangu inaingia uwanjani. Memphis Grizzlies, timu ya kikapu ya NBA, ligi kuu ya Marekani, wakianza mechi saa moja jioni kwao, hapa Dodoma ni saa tisa usiku. Wakirudisha saa zao nyuma mwezi wa Novemba, inakuwa saa kumi. Simu naiegemeza kwenye kopo la hamira, mikono iko kwenye unga, jicho moja liko kwenye kioo. Video inakula bando, kwa hiyo siku nyingi naangalia namba tu zikibadilika: 41 kwa 38, 41 kwa 40, 41 kwa 43. Kioo kikishika unga nakifuta kwa kiwiko. Nimeishi na timu hii hivyo kwa miaka 16, na ndani ya miaka hiyo haijanipa ubingwa hata mmoja.

Vijana walioanza kufuatilia kikapu juzijuzi hunicheka. Kwa nini si Lakers? Kwa nini si Golden State? Nawajibu kwa jina moja: Hasheem Thabeet. Wengine inabidi niwaeleze ni nani, na hapo ndipo najua nimezeeka.

Juni 2009 nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, matokeo yamenikataa, nimeletwa kwa mjomba nijifunze kazi ya mikono. Asubuhi moja redio ikatangaza kwamba kijana wa Dar es Salaam, aliyeanza kucheza kikapu akiwa tayari mkubwa wa kwenda sekondari, amechaguliwa wa pili katika drafti ya NBA, yaani siku ambayo timu huchagua kwa zamu wachezaji chipukizi. Wa pili! Mbele yake Blake Griffin peke yake. Nyuma yake alikuwapo James Harden, wa tatu, na Stephen Curry, wa saba, lakini siku ile sisi tuliwajulia wapi? Nikavua aproni, nikakimbia hadi kwenye intaneti kafe moja karibu na Jamatini, nikalipia nusu saa ili nione picha tu. Thabeet kasimama, futi saba na inchi tatu, anapeana mkono na kamishna wa ligi, David Stern, na kamishna wa watu anaonekana kama mtoto aliyeletwa kuandikishwa chekechea.

Nikarudi mbio kumpa mjomba habari. Mjomba ni Yanga wa damu, mpira mwingine kwake ni michezo ya watoto. Akaniuliza, "Hiyo Grizzlies ndiyo kitu gani?"

"Dubu, mjomba. Ni aina ya dubu."

"Dubu yukoje?"

Nikamweleza nilivyoweza: mkubwa, ana manyoya, ana kucha, anakula kila kitu, nyama, samaki, matunda. Akafikiri kidogo huku anapiga donge la unga mezani. "Kumbe fisi aliyenenepa," akasema. Tangu siku hiyo timu yangu humu ndani inaitwa Fisi Wanene. Hata wateja wa bodaboda wanaokuja alfajiri kuchukua skonzi huniuliza, Fisi wameamkaje?

Waliamka vibaya. Msimu wake wa kwanza Thabeet alitoka na wastani wa pointi 3.1 na ribaundi 3.6 kwa mechi, ribaundi ni mpira unaoudaka mtu akikosa kikapu. Februari 2010 akashushwa kwenda kuchezea timu ya ligi ya chini, Dakota Wizards. Kabla yake hakuna mchezaji aliyechaguliwa juu kiasi hicho aliyewahi kushushwa huko. Nilikuwa nimewasha redio huku nachochea kuni, nikasikia "Dakota", na kwa sekunde mbili nilidhani wamesema Dodoma. Nikasema moyoni, anarudi nyumbani, atapita hapa mtaani nimwone. Februari 2011 wakamuuza Houston, Shane Battier akarudi Memphis. Miezi miwili tu baadaye, Memphis, timu iliyoingia kwenye mchujo ikiwa ya nane, ikaitoa San Antonio Spurs iliyokuwa ya kwanza, kwa kushinda mechi 4 dhidi ya 2.

Nilikasirika. Nasema ukweli, nilikasirika kwamba wameshinda. Nilikuwa nimebeba timu ile kama mtu anavyobeba mzigo wa ndugu yake stendi, halafu ndugu kashuka njiani na mzigo nimeachiwa mimi. Wenzangu walimfuata Thabeet Houston, wakamfuata Portland, wakamfuata Oklahoma City, mwisho wakarudi kwenye Simba na Yanga zao. Mimi nikabaki. Na nikibaki hivyo, kwa mara ya kwanza nikaanza kutazama wale wengine.

Hapo ndipo nilipojua nilikuwa kipofu. Marc Gasol alichaguliwa wa 48 mwaka 2007, akaja Memphis 2008 kama nyongeza katika biashara ya kumpeleka kaka yake, Pau, Lakers. Dunia nzima ilicheka: wametoa dhahabu, wamechukua chenji. Zach Randolph alifika kiangazi kilekile cha 2009 alichofika Thabeet, na alikuja na sifa ya ukorofi, hakuna aliyempokea kwa ngoma. Mike Conley, tangu 2007, watu walikuwa wakinung'unika kwamba hatoshi. Tony Allen akaja 2010. Kwa hiyo wakati mimi nimekodoa macho kwa mrefu wetu, namhesabia dakika alizokaa benchi, nyumba ilikuwa inajengwa upande wa pili na watu ambao hata majina yao sikuyashika.

Na walicheza mpira wa ajabu. Hawakuwa na madoido. Mechi inaisha pointi themanini na kitu, mtu kalala sakafuni kakumbatia mpira kama mwizi aliyekamatwa na kuku. Wenyewe walijiita watu wa kusaga, na mimi, niliyekulia jirani na mashine ya kusaga uwele, nilielewa bila mkalimani. Mwaka 2013 Gasol akawa beki bora wa ligi nzima, wakafika fainali ya ukanda wa magharibi, Spurs wakalipiza, mechi 4 kwa 0. Sikulala wiki hiyo, ingawa kwa kazi yangu kulala ni suala la mjadala hata bila Spurs.

Kitu kigumu kuliko vyote kumweleza Mtanzania kuhusu NBA ni kwamba hakuna kushuka daraja, na anayeshika mkia hupewa zawadi. Msimu wa 2017-18 Memphis walishinda mechi 22 na kufungwa 60. Mjomba akasema, sasa mnashuka. Nikamwambia hapana, tunapata nafasi nzuri kwenye drafti, tunachagua kijana mzuri kabla ya wenzetu. Akaacha kukata donge.

"Yaani mwanafunzi wa mwisho darasani ndiye anapewa mwalimu mpya?"

"Ndiyo, mjomba. Ila kuna bahati nasibu. Vipira 14 kwenye mashine, vinatoka vinne."

"Basi wote wangefeli makusudi."

Na wapo wanaofeli makusudi kweli, mpaka mwaka 2019 ligi ikabadilisha hesabu ili timu tatu za mwisho zilingane: kila moja asilimia 14 ya kupata nafasi ya kwanza. Mwaka huohuo Memphis walikuwa wa nane kwenye foleni ya bahati nasibu. Vipira vikaruka, wakajikuta wa pili. Wakamchukua Ja Morant. Watu wote wa Memphis walisherehekea. Mimi nilipoiona ile namba mbili tumbo likanicheza. Namba mbili naijua. Namba mbili iliwahi kuniponza.

Mwaka huo, 2019, na sisi hapa tulikuwa tunajengwa upya, bila bahati nasibu. Shule moja ya bweni ilikuwa ikichukua kwetu mikate mia tatu kila siku. Ikachelewesha malipo muhula mmoja, ikachelewesha wa pili, wa tatu ikabadilisha muuzaji na deni letu likabaki kwenye daftari mpaka leo. Tukauza mashine ya kukandia. Fundi wetu mkuu, aliyekuwa mkono wa kulia wa mjomba, akaaga. Mjomba mgongo ulikuwa umeanza kumsumbua. Tulibaki mimi, yeye akiwa amekaa kwenye stuli akitoa amri, na kijana mmoja wa kuosha trei.

Mimi nikafanya nilichokizoea: nikatafuta Thabeet. Nikaajiri mtu aliyetoka Dar, ana cheti, amefanya kazi hotelini, anaongea kuhusu mikate kama daktari. Nikawaambia wateja wote kwamba mambo yanabadilika. Miezi miwili. Hakuwa mtu mbaya wala mvivu, ila tanuri letu la kuni halikuwa tanuri alilolijua, na mimi sikumpa nafasi ya kulijua. Nilitaka mikate mia tatu irudi wiki ya kwanza. Kila trei ikitoka na kasoro namtolea macho. Siku moja hakuja, na simu haikupokelewa. Simlaumu. Nilipotulia nikakumbuka nilivyokuwa nikihesabu dakika za Thabeet, na jinsi nchi nzima tulivyompakia mtoto wa miaka 22 mzigo wa watu milioni arobaini, halafu tukashangaa magoti yanatetemeka.

Yule kijana wa trei, sasa. Nilikuwa sijui hata anaangalia. Alfajiri moja nikamkuta ametoa mkate mmoja, ameugeuza kifudifudi kiganjani, anaugonga chini kwa kifundo cha kidole huku ameinamisha sikio, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba ndogo. Akatikisa kichwa, akaurudisha motoni. Alipoutoa tena akagonga, ukatoa mlio wa ngoma tupu. "Sasa tayari, kaka," akasema. Hakuna aliyemfundisha, alikuwa amemwona mjomba miaka yote akifanya vile, na mimi niliyefundishwa rasmi nilikuwa nimeacha, naangalia rangi tu ya juu kwa sababu naharakisha. Kijana huyo ndiye aliyetuinua. Mwaka 2024 reli ya kisasa ilipoanza kubeba abiria kati ya Dar na Dodoma, alianza kwenda Morogoro na kurudi, nikajua. Sasa ana tanuri lake huko. Nilimsindikiza stesheni mwenyewe, nikambebea begi, nikarudi nyumbani nikiwa na furaha yenye mwiba ndani. Ndivyo nilivyojisikia pia Gasol alipouzwa Toronto Februari 2019, na Juni ileile akatwaa ubingwa na Toronto. Unamshangilia mtu wako akiwa kwenye jezi ya wengine.

Kuhusu kubeti nitasema kwa ufupi kwa sababu bado naona haya. Msimu wa 2021-22 Memphis walishinda mechi 56, Morant anaruka kama ana chemchemi miguuni, na mimi nikajiona mtaalamu. Golden State wakatutoa raundi ya pili. Mwaka uliofuata tukamaliza wa pili magharibi, tukapangwa na Lakers, na Dillon Brooks wetu akamtolea LeBron James maneno kwamba ni mzee. Nikaweka mkeka wa pesa ya mifuko miwili ya unga. Mechi ya sita tulifungwa 125 kwa 85. Mkeka ukachanika, unga haukununuliwa, na asubuhi ile wateja waliambiwa umeme umekatika, kumbe tanuri letu ni la kuni. Mjomba alinitazama tu. Aliniambia kitu kimoja jioni, bila kufoka: "Timu unayoipenda usiiwekee hela, mjomba. Utaanza kuichukia kwa sababu isiyo yake." Sijabeti tena, na nimegundua nikiwa sina hela humo naona mpira vizuri zaidi. Naona beki wa benchi anavyorudi nyuma mbio timu ikiwa imeshazidiwa pointi 20.

Na pointi 20 zilikuwa nyingi. Msimu wa 2023-24 Morant alifungiwa mechi 25 kwa sababu ya kuonyesha bastola kwenye video. Akarudi Desemba, New Orleans, akafunga pointi 34 na kikapu cha ushindi sekunde ya mwisho. Nilipiga kelele hadi mlinzi wa duka la jirani akaja na rungu. Akacheza mechi tisa, bega likaachia, upasuaji. Wengine nao wakaanza kuanguka mmoja mmoja, mpaka ikafika Memphis wametumia wachezaji 33 msimu mmoja, rekodi ya ligi. Mechi 27 za kushinda, 55 za kufungwa. Ulikuwa msimu mbaya na naomba radhi kusema niliupenda. Kila usiku jina jipya. Nilikuwa naandika majina kwa mkaa ukutani, juu ya rafu ya trei, nisiwasahau.

Halafu 2025. Machi, zikiwa zimebaki mechi tisa, wakamfukuza kocha Taylor Jenkins, aliyeshinda mechi nyingi kuliko kocha yeyote katika historia ya timu. Hata Yanga na Simba, ambao kocha kwao ni kama abiria wa daladala, wangesubiri msimu uishe. Mwishoni mwa Aprili tukakutana na Oklahoma City. Mechi ya kwanza tulifungwa kwa tofauti ya pointi 51. Ya tatu, nyumbani Memphis, kwetu alfajiri, niliona kitu nilichodhani ni ndoto: tunaongoza kwa pointi 29. Nikanunua bando la video palepale, liwalo na liwe. Morant akaanguka vibaya, nyonga, akatolewa. Tukaenda mapumziko tukiwa mbele 77 kwa 51. Kipindi cha pili namba zikaanza kuyeyuka. Nilikuwa nimeinama juu ya simu, pua karibu inagusa kioo, mpaka harufu ikanishika puani. Trei tatu za skonzi, nyeusi tititi. Tukafungwa 114 kwa 108. Bodaboda wangu wa kwanza aliingia, akanusa, akasema, "Fisi leo wamechomwa."

Juni wakamuuza Desmond Bane kwenda Orlando, mtu niliyemzoea kama ndugu, wakapokea machaguo manne ya raundi ya kwanza ya drafti. Wakubwa wa timu hawakutamka kwamba wanajenga upya. Hawakuwa na haja. Mtu akianza kuondoa bati upande mmoja, majirani hawasubiri tangazo.

Naandika haya Oktoba 2025, msimu unaanza, na kila anayenijua ananiuliza nategemea nini. Sitegemei ubingwa. Natamani mambo madogo, ambayo shabiki wa timu kubwa akiyasikia atadhani nimekata tamaa. Natamani Cedric Coward, aliyechaguliwa wa 11 mwaka huu, aachwe akosee. Huyu kijana alianzia kwenye chuo kidogo cha daraja la tatu, akapanda polepole, na msimu uliopita akacheza mechi sita tu kwa sababu ya bega. Huwezi kumdai leo. Natamani Jaylen Wells, aliyechaguliwa wa 39, aendelee kupewa kazi ya kumkaba mtu mgumu kuliko wote kila usiku. Natamani yale machaguo yaliyobaki yasiuzwe kwa pupa kumpata nyota mzee mwenye goti bovu, maana najua pupa ilivyo, nimewahi kuiajiri. Morant, sijui niseme nini. Nampenda, na nimechoka. Vyote viwili ni kweli.

Ila zaidi ya wote ni Zach Edey. Mkanada, senta, futi saba na ushee, alichaguliwa wa tisa mwaka jana, na kiangazi hiki amefanyiwa upasuaji wa kifundo cha mguu. Kila anapokosa mpira, kuna watu wanaandika kwamba ni mrefu tu, hana kingine. Nikiyasoma hayo damu inanichemka kana kwamba wananitukana mimi. Nimeshayasoma maneno hayo kuhusu mtu mwingine. Thabeet mwenyewe amerudi, amevaa jezi ya Dar City, na nikimwona bado anapiga bloku najiuliza angekuwa nani kama mwaka ule Memphis wangekuwa na subira, na sisi pia.

Juzi mjomba alikuja kiwandani, siku hizi anakuja mara moja moja kwa sababu ya mgongo. Akakaa kwenye stuli yake. Nilikuwa nimefungua kipande cha msimu uliopita, Edey anagombea ribaundi katikati ya watu watatu, mikono juu, mguu mmoja umekaa vibaya. Mjomba akavuta simu karibu, akaitazama muda mrefu.

"Huyu ndiye yule wetu?"

"Hapana, mjomba. Yule alikuwa Thabeet. Huyu wa Canada."

"Mrefu hivihivi."

"Hivihivi."

Akaniachia simu, akanyoosha mkono kwenye trei ya kwanza, akachukua mkate, akaugeuza, akaugonga chini kwa kifundo cha kidole na kuinamisha sikio.

"Rudisha," akasema. "Bado huu."